Bawaba za nyuma, bawaba za mbele au mlango wa kuteleza: uchague vipi gari la kukaa nyuma?

Mnunuzi wa gari kubwa la kuendeshwa na dereva huuliza kwanza injini, ngozi ya viti na bei. Mlango wa nyuma huja mwisho, na mara nyingi hauulizwi kabisa. Naona utaratibu huo umepinduka. Anayekaa nyuma hagusi usukani wala hakanyagi mafuta. Anachokutana nacho kila safari, akipanda na akishuka, ni mlango.

Kwa miaka mingi swali hili halikuwa na uzito kwa sababu karibu sedani zote zilifunguka kwa namna moja. Hali ilianza kubadilika mwaka 2003, Rolls-Royce ilipozindua Phantom ya kwanza kutengenezwa Goodwood, Uingereza, chini ya BMW. Bawaba za milango yake ya nyuma zilikaa upande wa nyuma, karibu na tairi, hivyo ukifungua mlango wa mbele na wa nyuma kwa pamoja inaachana katikati kama milango ya kabati. Sedani za Rolls-Royce zilizotangulia, kama Silver Shadow ya 1965 na Silver Seraph ya 1998, zilikuwa na milango ya kawaida, yaani yenye bawaba za mbele. Baada ya Phantom ikaja Ghost mwaka 2009, kisha Cullinan mwaka 2018. Mwishoni mwa 2018 Lincoln ya Marekani ikatangaza Continental 80 za milango hiyo, kuadhimisha miaka 80 ya jina hilo. Ferrari nayo ikafuata mwaka 2022 na Purosangue.

Si wote waliokwenda njia hiyo. Mercedes-Maybach S-Class imebaki na bawaba za mbele na kuongeza mota za umeme. Toyota imeuchukua mlango wa kuteleza wa magari ya familia na kuupeleka kwa matajiri kupitia Lexus LM, na hata Century ya 2023 kwa mnunuzi anayeuomba. Mwenye fedha za gari la aina hii, awe anatafuta gari la harusi la kukodisha, gari la wageni wa hoteli au la mzazi wake, ana njia tatu mbele yake, na zote tatu zina watu zinaowafaa.

Vigezo vya kupimia

Nimepima kila mlango kwa mambo matano: mwili unavyoingia na kutoka, nani anaufunga, nafasi unayohitaji pembeni pamoja na hatari kwa wanaopita, usalama gari likiwa mwendoni, na mwisho matengenezo na upatikanaji. Muonekano nimeuacha nje ya hesabu kwa makusudi, kwa sababu hilo kila mtu huliamua kwa macho yake mwenyewe.

Kuingia na kutoka

Tuanze na bawaba za nyuma, maana hapa ndipo zinapojitetea vizuri zaidi. Mlango ukiwa wazi, ubawa wake, yaani bamba lenyewe linalofunguka, unabaki nyuma ya bega lako. Ukishuka, mguu unatangulia, kichwa kinafuata, na hatua ya kwanza unaipiga kuelekea mbele bila kuzunguka ncha ya mlango. Ukipanda unakuja kutoka upande wa mbele wa gari, unageuka na kukaa. Tazama bibi harusi mwenye gauni refu na shela akishuka: wapiga picha wako mbele yake, mlango uko nyuma yake, mpambe anapata pa kusimama akiinua gauni lisifagie chini. Kwenye mlango wa kawaida, ubawa unakaa katikati ya bibi harusi na kamera, na lazima atoke pembeni kwanza ndipo aonekane mzima.

Lakini usichanganye mlango na uwazi. Uwazi ni ule uliokatwa kwenye bodi, na ukubwa wake hauongezeki kwa sababu tu bawaba zimehamia nyuma. Lincoln ililijua hilo. Continental zile 80 zilikatwa na kurefushwa kwa takriban sentimita 15, na milango ikawekewa bawaba zinazofunguka hadi nyuzi 90. Sehemu kubwa ya raha ya gari lile ilitoka kwenye urefu huo na pembe hiyo. Bila hivyo, bawaba za nyuma zingekuwa pambo.

Mercedes-Maybach imetumia hoja hiyohiyo bila kugusa bawaba. S-Class yake iliyozinduliwa mwishoni mwa 2020 ina sentimita 18 zaidi kati ya tairi za mbele na za nyuma kuliko S-Class ndefu ya kawaida, na nyongeza hiyo imekwenda kwa abiria wa nyuma. Kwenye sedani fupi, upinde wa tairi la nyuma hula kona ya chini ya uwazi, na paja au pindo la kanzu hujipangusa hapo. Tairi likisogezwa nyuma, tatizo linapungua. Mlango wa kawaida una faida nyingine ambayo watu wazima huithamini bila kuitaja: ubawa uko mbele yao, kwa hiyo mkono unapata pa kushika wakati wa kuinuka. Mzee mwenye magoti mabovu aliyezoea kushika mkono wa mlango atautafuta kwenye Ghost na kuukosa, na itabidi ajifunze kushika nguzo ya katikati.

Mlango wa kuteleza hauna ubawa wowote njiani. Paa liko juu, sakafu ni bapa, na mtu anaingia akiwa ameinama kidogo tu. Aliyewahi kupanda Alphard, ambazo zimejaa Dar es Salaam na Nairobi, anaujua wepesi huo. Gharama yake ni hatua ya kwanza, kwani sakafu iko juu kuliko ya sedani, na kwa mwenye maumivu ya nyonga hatua hiyo inaweza kuwa ngumu kuliko kuinama.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, mfano mzuri uko kwenye teksi nyeusi za London. LEVC TX, teksi inayosukumwa na mota ya umeme iliyoanza kazi huko mwaka 2018, ina milango ya nyuma yenye bawaba za nyuma inayofunguka nyuzi 90, na ina ngazi mteremko ya kupandishia kiti. Teksi hizo zote zinatakiwa kubeba abiria wa kiti cha magurudumu, na watengenezaji wake walichagua bawaba za nyuma kwa kazi ya kila siku, hakuna fahari hapo. Hata hivyo, TX ni gari la paa refu. Phantom au Ghost haitakupa jambo hilo, kwa sababu kiti cha magurudumu kitabaki nje na abiria lazima ahamishwe kwa mikono.

Nani anaufunga?

Hili ndilo donda la bawaba za nyuma. Kaa kwenye kiti, fungua mlango wote, kisha jaribu kuufikia: kishikio kimeenda nje, nyuma yako, na hakuna mkono wa binadamu wa kawaida utakaokifikia bila kuinuka. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mtumishi. Phantom ya 2003 ilijibu kwa kitufe kilicho kwenye nguzo ya nyuma, pembeni ya kichwa cha abiria. Unakibonyeza, mota inauvuta mlango. Ghost ya 2020 ilikwenda mbali zaidi, kwani hata kuufungua kunasaidiwa na umeme, na sensa zake zinatambua kama gari limesimama kwenye mlima ili mlango usiwe mzito wala usikuponyoke. Kwa mtazamo wangu, bila mota hizo milango hii isingerudi kabisa. Ukiona gari la bawaba za nyuma lisilo na msaada wa kufunga, jiulize mapema ni nani atakayesimama nje kila siku.

Mlango wa kawaida ni rahisi zaidi kwa sedani fupi. Kwenye gari refu, abiria aliyelaza kiti naye hafiki kishikio, kwa sababu kimeenda mbele. Ndiyo maana Maybach inatoa milango ya nyuma ya umeme ambayo dereva anaweza kuifunga akiwa kwenye kiti chake, na BMW 7 Series ya 2022 inaweza kuagizwa na milango minne inayojifungua na kujifunga. Mlango wa kuteleza wa umeme umekuwa ukifanya hivyo kwenye magari ya familia ya Kijapani kwa muda mrefu, na kwa jambo hili hauna mpinzani.

Nafasi pembeni, na wanaopita

Hapa wanunuzi wengi wa mijini hawafikirii vya kutosha. Mlango wa bawaba, uwe wa mbele au wa nyuma, unahitaji nafasi pembeni sawa na urefu wake ukifunguka wote. Kwenye maegesho ya jengo la ofisi ambamo magari yamebanana, bawaba za nyuma zina usumbufu wa pekee: dereva akifungua mlango wake na abiria wake wa nyuma akifungua wa kwake upande huohuo, wote wawili wanajikuta wamefungiwa kati ya mbawa mbili na gari la jirani, na lazima mmoja afunge ndipo mwingine apite. Kwenye milango ya kawaida, kila mmoja anatoka kwa nyuma ya mlango wake. Mlango wa kuteleza hauulizi nafasi, unatosheka na upana wa mwili wako.

Sasa pikipiki. Mlango wa kawaida unapoanza kufunguka, upenyo unatokea upande wa nyuma, hivyo abiria akigeuza shingo anaona bodaboda inayokuja. Mlango wa bawaba za nyuma unafungua upenyo upande wa mbele, na ubawa wenyewe unamziba abiria asione kinachotoka nyuma. Anashuka akiwa hajui. Kwa upande mwingine, pikipiki ikigonga, mlango wa kawaida unaielekezea ncha, na ncha hiyo inaua. Ubawa wa bawaba za nyuma unapokea pigo kwa uso wake wa nje, kwa mshazari, lakini pigo hilo linausukuma ujifunge, na kama abiria ameshatoa mguu nje, ni mguu wake utakaobanwa. Kila mmoja una mtu unayemweka hatarini zaidi. Mlango wa kuteleza hautoi kitu nje ya gari, ingawa abiria mwenyewe bado anaweza kuruka mbele ya pikipiki.

Kinga kubwa ni kukaa upande sahihi. Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hupita kushoto, mheshimiwa akae nyuma kushoto ashukie kando ya barabara. Kwa ndugu zetu wa Muscat na Dubai, ambako magari hupita kulia, upande ni wa kulia. Kwa gari la bawaba za nyuma ningeliweka hili kama amri kwa dereva: mlango wa upande wa barabara usifunguliwe mpaka yeye aangalie kioo na kuruhusu.

Usalama mwendoni

Sifa mbaya ya bawaba za nyuma haikuzushwa. Kwenye magari ya miaka ya 1930 bodi zilijipinda, vitasa vilikuwa dhaifu na mikanda haikuwepo. Mlango wa bawaba za mbele ukilegea gari likienda kasi, upepo unausukuma urudi mahali pake. Wa bawaba za nyuma upepo unaingia kwenye upenyo na kuupeperusha wote, na abiria aliyenyoosha mkono kuuzuia alivutwa nao nje. Hata hivyo haukutoweka mara moja. Toyopet Crown ya kwanza, ya 1955, ilikuwa nao nyuma. Fiat 500 ilikuwa nao hadi 1965. Lincoln Continental iliyotoka 1961 iliendelea nao hadi 1969, na gari la wazi alilopanda Rais Kennedy Dallas mwaka 1963 lilitokana na Continental hiyo.

Kilichobadilika ni vitasa na kanuni. Kanuni nambari 11 ya Umoja wa Mataifa inayohusu vitasa vya milango ya magari, na kanuni inayofanana nayo ya Marekani, zinataka kishikio cha ndani cha mlango wa pembeni wenye bawaba za nyuma kisifanye kazi gari likifika kilomita 4 kwa saa, na dereva apate onyo kama mlango haukufungika sawasawa. Kilomita 4 kwa saa ni mwendo wa mtu anayetembea. Hoja ya upepo imekwisha kwa gari jipya lililo kamili. Inarudi kwa gari lililochezewa nyaya zake au lililokatwa na kurefushwa na karakana isiyojulikana.

Jambo la kuangalia zaidi ni nguzo ya katikati. Phantom, Ghost na Continental zote zimebaki nayo, hivyo milango ya mbele na ya nyuma inajikaza kwenye chuma hicho kimoja, na kila mlango unafunguka peke yake. Magari madogo kama Mazda RX-8, BMW i3 na Mazda MX-30 hayana nguzo hiyo, na wa nyuma haufunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Kwa mtoto au mzee aliye nyuma, maana yake hana uhuru wa kutoka mwenyewe. Usiyaweke kwenye fungu moja na sedani za kifahari kwa sababu tu picha zinafanana.

Mlango wa kawaida na wa kuteleza hazina historia nzito kiasi hicho. Wa kuteleza una hatari ndogo ya vidole vya watoto kubanwa, na sensa zake zinapaswa kujaribiwa kila baada ya muda.

Matengenezo na upatikanaji

Mlango wa bawaba za mbele ndio fundi bodi yeyote anaoujua. Bawaba za nyuma zinamtaka fundi makini zaidi, kwa sababu kingo mbili zisizo na bawaba zinakutana katikati ya gari, vishikio viwili vikiwa jirani, na mlango mmoja ukishuka milimita chache mstari wote unaonekana umepinda. Mota na nyaya zinazopita kwenye bawaba nazo ni spea za kuagiza. Mlango wa kuteleza unasumbuliwa na vumbi na mchanga kwenye reli, rola zinazolika na waya wa mota unaochoka, lakini mafundi wetu wameuzoea kwa sababu ya wingi wa Alphard, Noah na Voxy.

Upatikanaji unaweza kukumalizia mjadala. Continental ya Lincoln ilitengenezwa kwa usukani wa kushoto tu, na uzalishaji wake ulikoma mwaka 2020. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, wala lililoagizwa likiwa na umri wa zaidi ya miaka 8. Rolls-Royce na Maybach zinapatikana kwa usukani wa kulia. Kwa wa kuteleza, Alphard iliyotumika kutoka Japani inaleta sehemu kubwa ya wepesi wa Lexus LM kwa sehemu ndogo ya bei. Ila ujue unaiacha sedani: reli ya kuteleza inahitaji ubavu mrefu ulionyooka, na sedani haina.

Kulingana na hali yako

Kama biashara yako ni harusi na mapokezi ya wageni, ambako gari husimama mahali pa wazi na kila mshuko unapigwa picha, bawaba za nyuma zinalipa. Nunua yenye mota za kufungia, na mfunze dereva kuhusu upande wa barabara kabla ya kumfunza kufungua mlango kwa heshima.

Kama ni gari la bosi linaloshinda kwenye maegesho ya chini ya majengo, nenda Maybach au sedani nyingine ndefu ya bawaba za mbele. Kabla ya kulipa, pima nafasi ya maegesho yako na ufungue mlango wote ndani yake.

Kama ni la mzazi mzee, mpeleke yeye mwenyewe. Apande na kushuka kila gari mara kadhaa bila kusaidiwa, na uangalie mkono wake unatafuta nini. Mkono ukitafuta ubawa, chukua bawaba za mbele. Kama shida yake ni kuinama, chukua wa kuteleza. Kama shida yake ni kupinda kiuno kuukwepa mlango, mpe bawaba za nyuma.

Kwa familia yenye watoto wengi, au gari litakalosimama kwenye barabara nyembamba za Mombasa au Zanzibar huku pikipiki zikipita, wa kuteleza unatosha, na fedha inayobaki iweke kwenye matairi na mikanda ya viti vya watoto.

Na kama unanunua Continental ya zamani ya miaka ya 1960 kwa mapenzi tu, kagua kitasa cha kila mlango wa nyuma na bawaba zake kwa fundi kabla ya rangi na kabla ya injini, kisha funga mikanda nyuma hata kama gari lilitoka kiwandani bila hiyo.